Mwambie mwenye bucha asitoe mafuta

Wakenya tunaoishi majuu tukirudi Nairobi hatukosi malalamiko mawili: foleni ya magari, na baga. La kwanza halina dawa. Dawa ya pili iko buchani.

Marekani baga ni kitu chepesi kuliko inavyodhaniwa hapa nyumbani: nyama ya ng'ombe, mafuta ya ng'ombe, chumvi, chuma chenye moto. Pakiti ya nyama ya kusaga katika duka lolote la Minneapolis au Dallas imeandikwa 80/20, yaani nyama tupu asilimia 80 na mafuta asilimia 20. Sheria ya huko inaruhusu mafuta yafike asilimia 30, basi. Mpishi asiyejua lolote ananunua namba na anakula vizuri. Ng'ombe mwenyewe amemaliza miezi yake ya mwisho zizini akilishwa mahindi, kwa hiyo mafuta yamepenya hadi katikati ya nyuzi za nyama.

Ng'ombe wetu, awe Boran wa Laikipia au zebu wa Kajiado, amekula nyasi na ametembea. Nyama yake ina ladha nzito kuliko ya Marekani, nalisema hili bila haya, lakini ni kavu. Halafu sisi wenyewe tunaizidisha ukavu: mteja anaomba steki, bila mfupa, bila mafuta, na mwenye bucha anaonyesha ufundi wa kisu kwa kung'oa kila kipande cheupe. Nyama hiyo ikisagwa na kukaangwa hukakamaa kama kifutio cha shule. Mpishi anaijua hatari hiyo, ndiyo maana anatia yai, chenga za mkate, kitunguu, dania na kitunguu saumu. Hapo amepika kababu. Kababu ni chakula cha heshima kuanzia Mombasa hadi Eastleigh, ila ukiibana katikati ya mkate na jibini, kababu na baga vyote viwili vinapoteza.

Ajabu ni kwamba jibu liko barabarani kila jioni. Muuza mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na kuchomwa, anajua kuliko wapishi wengi wa migahawa ya mall kwamba mafuta ndiyo hubeba ladha na chumvi ndiyo huiamsha. Hakuna anayemwomba mutura usio na mafuta.

Basi ukifika buchani, iwe City Market, Burma au pale mtaani, acha steki. Sema hivi: "Boss, nipimie kilo kasorobo ya bega, na robo ya mafuta ya kidari." Hesabu yake ni rahisi. Bega lililosafishwa lina mafuta kama asilimia 5, na mafuta meupe yenyewe ni mafuta halisi kwa karibu asilimia 80, kwa hiyo kilo yako itakuwa na asilimia 23 au 24. Ndipo pazuri. Nundu nayo inafaa, tena sana, kwa sababu nyama na mafuta vimefumana ndani yake; ukiipata, weka nusu nundu, nusu bega, na upunguze mafuta ya ziada yawe gramu 100. Kataa mafuta ya figo. Ni magumu, huyeyuka kwa shida, na baga ikianza kupoa yanaganda kwenye kaakaa kama nta.

Kusaga ndiko kunakoharibu mengi. Mashine ya bucha ikishinda inafanya kazi huwa na joto, na mafuta yenye joto hayakatiki. Yanapakaa kila mahali na nyama inageuka uji wa waridi. Ukiweza, chukua vipande nyumbani, viweke kwenye friza dakika 30 hadi 40 vikakamae kidogo bila kuganda, ndipo usage. Ukisagiwa buchani, omba mambo mawili. Kwanza, nyama ipite mara moja tu, maana wengi huisaga mara mbili wakidhani wanakufanyia hisani. Pili, vipande viwili vya mwanzo vitupwe, kwa kuwa vinasukuma nje mabaki ya mteja aliyetangulia. Usinunue iliyokwisha kusagwa. Mwaka 2019 iliripotiwa kwenye runinga kuhusu nyama ya madukani iliyotiwa kemikali ibaki nyekundu, na hata bila kemikali, nyama iliyosagwa asubuhi na kuuzwa jioni imewapa vijidudu siku nzima.

Hapa ndipo naona tofauti kubwa ya maisha ya huku na huko. Kule ujuzi umeandikwa kwenye lebo, hakuna haja ya kumjua mtu. Nairobi ujuzi uko katika mazungumzo na mwenye bucha. Ukinyamaza unapewa kilichopo. Ukizungumza naye kila wiki unapata nyama iliyochinjwa usiku huohuo, iliyosagwa mbele ya macho yako, ambayo Marekani ungeilipia bei ya kifahari.

Nyama ikishasagwa, usiikande. Usitie chumvi pia, bado. Chumvi ikichanganywa ndani huyeyusha protini, zikashikamana, na baga ikaanza kudunda mdomoni kama soseji. Viringisha madonge ya gramu 70 kwa vidole vyepesi, yawe yameshikana kiasi cha kutosambaratika tu. Kilo moja itatoa madonge 14, yaani baga saba zenye nyama mbilimbili. Yarudishe kwenye friji dakika 20.

Chombo? Tawa ya chapati. Watu wanaagiza makaango ya chuma kutoka ng'ambo huku ile tawa nzito ya mama imetundikwa ukutani. Sufuria nyembamba ya alumini haifai. Donge la kwanza likiigusa, joto lote linakwisha, nyama inatoa maji na kuchemka ndani yake, ikawa ya kijivu. Hata kwenye meko ya gesi ya kilo 6, tawa ikipashwa moto dakika tano au sita inatosha, mradi usipange madonge zaidi ya mawili kwa mara moja. Tone la maji likidondoka lirukeruke. Pangusa tawa kwa mafuta kiasi cha kulowesha kitambaa tu.

Weka donge, funika kwa karatasi ya kuokea, kisha libonyeze kwa nguvu na kitako cha sufuria ndogo, sekunde kumi, hadi lipanuke kama sentimita 12. Sasa tia chumvi juu, na pilipili manga. Usiibonyeze tena kamwe. Mwanzoni mafuta bado ni magumu, hayatoki; dakika moja baadaye yameyeyuka, na kila unapobonyeza unayamwaga jikoni. Baada ya dakika moja na nusu hadi mbili, kingo zitakuwa za kahawia na zenye matundu. Kwangua kwa mwiko bapa wa chuma wenye makali, hata skrepa mpya ya fundi rangi inafaa, uubebe ukoko wote. Ukiacha ukoko kwenye tawa umeacha baga. Geuza, weka jibini, subiri dakika nyingine.

Jibini laini la Marekani la vipande huyeyuka vile kwa sababu limetiwa chumvi maalumu zinazozuia mafuta yasitengane. Hapa tumia gouda changa iliyokatwa nyembamba. Dondosha kijiko cha maji pembeni ya tawa na ufunike sekunde 20. Cheddar iliyokomaa itatoa mafuta na kubaki chenga.

Wanaotaka baga nene juu ya jiko la makaa wafanye gramu 150, unene sentimita 2, upana uzidi mkate kwa sentimita moja, na katikati wabonyeze kishimo kwa kidole gumba. Kingo hujikunja kwanza. Bila kishimo, nyama inafura kama mpira. Sukuma makaa upande mmoja ili mafuta yakiwaka uwe na pa kuikimbizia. Na iive: nyuzi 71 katikati. Bakteria hukaa juu ya nyama, na kusaga huwazamisha ndani. Marekani ilijifunza hilo kwa uchungu mwaka 1993, watoto wanne walipofariki katika mkurupuko wa E. coli uliotokana na baga zisizoiva.

Kwa bei za nyama za leo, nadhani inayoifaa Nairobi zaidi ni baga ya vitunguu ya Oklahoma, mtindo wa mji wa El Reno, uliozaliwa enzi za ukata ili nyama kidogo ionekane nyingi. Kata kitunguu kikubwa kiwe chembamba kama karatasi. Chetu chekundu ni kikali kuliko cheupe cha kule, kwa hiyo kitie chumvi dakika kumi, ukikamue maji vizuri. Weka donge kwenye tawa, rundika juu yake kitunguu cha uzito sawa na nyama, ndipo ubonyeze vyote pamoja. Ukigeuza, kitunguu kinaungua polepole kwenye mafuta ya nyama hadi kiwe kitamu.

Mkate wetu wa baga wa supamaketi ni mtamu mno na huvunjikavunjika. Ukate, uuchome upande wa ndani kwenye mafuta yaliyobaki hadi ubadilike rangi. Utando huo ndio unaozuia mchuzi kupenya. Nyanya tafuta zile za mviringo, kwani hizi za umbo la yai zina vipande vidogo vinavyoteleza. Parachichi kule hulipiwa zaidi na huja gumu; hapa weka nusu nzima. Na chipsi sijui tunawaonea wivu wa nini, zao nyingi zimetoka kwenye friza. Kachumbari iletwe pembeni, isikae ndani, la sivyo mkate unalowa kabla hujaketi.

Ukiagiza kwa boda, omba baga ifungwe kwa karatasi, isitiwe kwenye boksi lililofungwa. Mvuke wa boksi hulainisha ukoko ndani ya dakika kumi, na kutoka Westlands hadi South B saa kumi na moja jioni hakuna boda wa dakika kumi.