Godoro Juani

Nachomwa sindano ya saratani ya tezi dume tumboni kila baada ya wiki 12. Haiingizi maji, inaingiza kipande kama punje ya mchele, miligramu 10.8 za dawa ya goserelini, kupitia sindano nene ambayo mtu mwenye akili haitazami. Punje inayeyuka polepole chini ya ngozi na kuzima homoni ya kiume, maana saratani hii inaitegemea kukua. Siku za mwanzo homoni hupanda kabla ya kushuka, ndiyo maana nilitangulizwa vidonge vya bikalutamidi. Hadi hapo shwari. Tabu ni kwamba homoni ikishaondoka, sehemu ya ubongo inayolinda joto la mwili inakuwa kama mlinzi mwoga: paka akipita, anapuliza filimbi. Joto likipanda chembe tu, mishipa ya ngozini inafunguka, uso unawaka, jasho linamwagika, na dakika tano baadaye unatetemeka kwa baridi huku fulana imekugandia mgongoni.

Mke wangu alipoona mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini. "Baba Neema, karibu chamani." Yeye majoto yake ya kukoma hedhi alishayamaliza, na enzi zile mimi ndiye niliyekuwa nazima feni nikidai inanipa mafua.

Nilikuwa na utaratibu wangu, tena unafanya kazi. Shuka za pamba tupu. Upande wangu taulo kubwa juu ya shuka, ili likilowa nilivute hilo tu, nisimwamshe mtu. Fulana kavu kwenye kiti. Feni ielekee miguuni. Kisha chupa ya maji yaliyoganda, imeviringishwa khanga: fukuto likianza naipandisha shingoni, navuta pumzi kwa kuhesabu nne, naitoa kwa kuhesabu sita. Chai ya moto, pilipili na bia sigusi baada ya magharibi, hivyo ni viberiti. Nilikuwa naamka mara mbili kwa usiku badala ya sita.

Februari mama mkwe akashuka kutoka Lushoto. Kwao watu wanalala na blanketi mbili. Hapa Tanga mwezi huo hata ukuta unatoa jasho. Saa tatu usiku akanitengenezea chai ya tangawizi kwa mkono wake mwenyewe. "Kunywa mwanangu, itakuletea usingizi." Mkwe hakataliwi. Nilikunywa vikombe viwili.

Saa saba umeme ukakatika. Feni ikazunguka mara tatu za mwisho, ikafa. Mlinzi akapuliza filimbi. Nikapapasa gizani hadi kwenye friza, nikashika chupa ya lita moja na nusu ngumu kama jiwe, nikaifunga khanga, nikarudi nayo kitandani na kuibana mapajani. Jamani! Usingizi ule sikuwa nimeuonja kwa miezi.

Sasa, maji yakiganda yanaongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9. Ndiyo maana chupa zangu nazijaza nikibakiza vidole vinne chini ya kifuniko. Ile ilikuwa imejazwa hadi shingoni, kwa hiyo kitako kilishapasuka zamani. Na chupa iliyopasuka, barafu ikiwa bado ngumu, haikuambii kitu. Inangoja. Tena hayakuwa maji. Ilikuwa juisi ya pasheni aliyogandishiwa mkwe.

Saa kumi na moja nikashtuka nimelowa kuanzia kiunoni hadi magotini, na hapo hapo Tanesco, kwa hisani yao, wakarudisha umeme. Taa ikawaka. Manjano tupu. Mke wangu alikuwa ameshakaa kitako.

"Si mkojo," nikasema.

"Sawa."

"Ni juisi."

"Sawa, baba. Daktari alisema inaweza kutokea."

Angenusa tu angejua, lakini alikuwa na mafua. Ya feni.

Asubuhi godoro likatolewa uani, mahali pekee penye jua, kati ya mlango wa chumba cha mkwe na bomba la wapangaji. Doa lilikuwa na ukubwa wa sinia la pilau, na mahali lilipokaa hapakuhitaji maelezo. Nikaamkia. "Marahaba, mwanangu," mkwe akaitikia, akatazama pembeni. "Pole." Pole ile niliisikia hadi kwenye visigino.

Saa nne sisimizi wakapanga foleni. Jirani akaweka ndoo chini, akamwita mke wangu kwa sauti ambayo yeye anaiita ya chini: "Sisimizi wakifuata mkojo, hiyo ni sukari. Akapimwe huyo." Nikaenda kupimwa siku ileile, kwa sababu, nikubali tu, sindano hizi kweli huongeza uwezekano wa kupata kisukari, na kliniki walishaniambia nipime. Sikuwa nimekula. Kidole, tone la damu: 5.1, sukari ya kawaida. Nikarudi na karatasi nimeikunjua kama cheti cha ndoa.

Nyumbani nikakuta mke wangu ameshaikuta chupa ndani ya khanga alipokuwa anafua. Alikuwa ameishika juu chini, anachungulia ufa. Alicheka kama siku ile ya kwanza, kisha akakimbilia chumbani kwa mama yake kunisafisha jina. "Mama, ilikuwa juisi!"

Nikasikia mkwe akimjibu taratibu, "Ndiyo, mwanangu. Msitiri mumeo."

Aliondoka Jumapili. Kituo cha mabasi akanipa kifurushi cha gazeti, akaniambia nisikifungue mbele za watu. Mpira wa kutandika kitandani, futi tano kwa sita. Kwa mtu wa majoto hakuna adui kama huo: haupitishi hewa, haunyonyi jasho, unakupika. Nimeutandika chini ya friza.