P si hendibreki

Mtu akikabidhiwa Toyota Passo kwa mara ya kwanza, mkono wa kushoto huanza wenyewe kupapasa kati ya viti vya mbele. Kwenye Passo nyingi utapapasa bure. Hendibreki iko miguuni: pedali ndogo iliyoinuka kidogo, kushoto kabisa, pale ambapo gari la gia za mkono lingekuwa na klachi. Vitz na IST zina mpini wa kuvuta katikati kama tulivyozoea, na Honda Fit za kuanzia 2020 zina kiswichi tu cha kuvuta kwa kidole. Ndiyo maana siku hizi tunasema “hendibreki ya mguu” bila hata kucheka.

Kutoiona pedali hiyo ni kosa dogo. Kosa kubwa, na naona limeenea zaidi kwa wenye magari ya otomatiki, ni kuiona na kuiacha. Gari linasimama, gia inatupwa P (ya kuegeshea), ufunguo unachomolewa, basi. Ukiuliza, unajibiwa kwamba P inatosha.

Haitoshi, na sababu iko ndani ya giaboksi. Ukiweka P, kijino kimoja cha chuma kinaingia kwenye gurudumu lenye meno na kulizuia lisizunguke. Hakuna breki yoyote iliyokaza. Uzito wote wa gari kwenye mteremko unabebwa na kijino hicho. Ule mshindo wa “ko!” unaousikia asubuhi ukitoa P mlimani, na gia inayogoma mpaka uivute kwa nguvu, ni kijino kinachochomoka kikiwa kimebanwa na uzito wa gari.

Tena magari haya madogo mengi huendeshwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo P inashika mbele tu, na inashika kupitia difu, yaani gia zinazoyaruhusu magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti. Hapo ndipo watu wanapoumia wakibadilisha tairi. Piga jeki gurudumu moja la mbele huku gari likiwa kwenye P peke yake: lililo hewani linaweza kuzunguka upande mmoja na lililo chini likazunguka upande wa pili, gari likatoka kwenye jeki ilhali gia bado iko P. Hendibreki hushika magurudumu ya nyuma. Ukiinua mbele, yenyewe ndiyo inayolizuia gari. Ukiinua nyuma, unategemea P. Weka vyote viwili, na jiwe kwenye gurudumu la pembe iliyo mkabala na lile unaloliinua.

Mpangilio wa kuegesha ni huu, na kila hatua ina kazi yake. Simama kwa breki ya kawaida. Ukiwa bado umeikanyaga, weka N (gia huru). Kaza hendibreki. Sasa legeza mguu taratibu, gari likae juu ya hendibreki; litasogea kidogo sana kisha litulie. Kanyaga breki tena, ndipo uweke P. Kwa njia hiyo kijino kinaingia bila kubeba kitu, na asubuhi gia inatoka laini. Wenye gia za mkono hufanya vilevile, ila mwishoni waache gari kwenye namba moja likiangalia mlima, au rivasi likiangalia bonde.

Usukani pia una kazi. Kwetu tunaegesha kushoto. Ukiangalia bonde, kata kushoto ili tairi liegemee ukingo. Ukiangalia mlima na ukingo upo, kata kulia, ili gari likirudi nyuma tairi ligote kwenye ukingo. Pasipo na ukingo, kata kushoto, uwe unaangalia mlima au bonde, likitoka lielekee nje ya barabara. Kwenye mtaro usiozibwa, afadhali utafute sehemu nyingine.

Kwa hiyo pedali ya Passo: kanyaga mpaka mwisho kwa mguu wa kushoto, ukisikia tik-tik-tik. Kuiachia, kanyaga tena kwa nguvu kidogo kisha inua mguu, itarudi juu yenyewe. Mguu wa kulia uwe kwenye breki kubwa muda wote huo. Aliyezoea klachi ndiye wa kuchungwa hapa, hasa kijana wa kuosha magari anayelisogeza gari lako: akiikanyaga gari likitembea, magurudumu ya nyuma hufunga ghafla.

Taa yake ni nyekundu, duara lenye alama ya mshangao. Umeachia na taa bado inawaka? Hakikisha kwanza pedali au mpini umerudi mwisho. Ukiwa umerudi, usiondoke: taa hiyohiyo ndiyo inayotoa taarifa kwamba mafuta ya breki yamepungua, ama kwa sababu pedi zimekwisha, ama kuna mahali panavuja.

Ukiendesha ikiwa imekaza kidogo, gari litakuwa zito na ringi za nyuma zitachemka. Brekishuu, yaani vipande vinavyobana dramu la gurudumu la nyuma kwa ndani, zikiungua uso wake hung'aa kama kioo, na zikishang'aa hazishiki tena vizuri hata ukikaza namna gani.

Sasa gereji. Hendibreki ikianza kupanda sana, yaani mpini unavuta meno (milio ya tik) kumi na zaidi ndipo ishike, mafundi wengi hufungua plastiki chini ya mpini na kukaza nati ya waya. Dakika tano, umelipa, umeondoka. Mimi nasema huo ni ulipuaji. Waya hukazwa mwisho. Mwanzo ni kufungua madramu ya nyuma, kutoa vumbi, kupima unene wa brekishuu, kisha kuzungusha kirekebishi chenye meno kilicho kati yake mpaka dramu likirudishwa lizunguke kwa mkono huku likigusa kidogo tu. Waya ukikazwa kabla ya hapo, brekishuu hazirudi mahali pake pa kupumzika, mtambo wa kujirekebisha wenyewe unakwama, na magurudumu yanajikokota kimyakimya yakila mafuta. Baada ya kazi, mpini wa Vitz au IST unapaswa kushika vizuri kwenye meno kama 6 hadi 9.

Kuipima huhitaji fundi. Tafuta mteremko wa wastani usio na mtu mbele wala nyuma, weka N, kaza, kisha legeza breki ya mguu polepole. Ikiteleza, ina kasoro.

Wanaoishi pwani, Tanga, Mombasa, Unguja, wana shida ya ziada. Waya unapita ndani ya ala yake, na maji na chumvi vikiingia humo unaota kutu. Hendibreki isiyotumika kwa miezi, siku ukiivuta inashika na haiachii tena. Kuitumia kila siku ndiko kunakoufanya waya uendelee kuteleza.

Kuna wakati mmoja tu ninaokubali iachwe wazi: gari likisimama wiki kadhaa, hasa baada ya kuoshwa au mvua. Brekishuu huganda kwenye dramu kwa kutu. Hapo liweke sehemu tambarare, gia P, na kabari mbele na nyuma ya tairi. Kabari inaweza kuwa jiwe kama la utingo wa lori. Ila ukiondoka liokote. Mwenye bodaboda anayepita usiku hataliona.