Hamamu ya Kidichi isiguswe na saruji

Juzi pale Kidichi, Unguja, kwenye hamamu ya kale, yaani nyumba ya kuogea, mgeni mmoja wa ziara ya mashamba ya viungo alitazama kuta zilizoshika ukungu, akasema: "Hapa wangepiga lipu ya saruji tu, wapake rangi, pang'ae." Wenzake wakamuunga mkono. Nilinyamaza kwa adabu, lakini maneno yale yamenikaa rohoni.

Hamamu hii Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar na Oman, alimjengea mkewe Mwajemi, Shehrzad, mjukuu wa Shah Fath Ali, mwaka 1850, katikati ya mashamba. Bibi huyo baadaye aliachika akarudi kwao. Nakshi za chokaa za hamamu zimebaki: maua, mitende, na hata ndege, ndani ya jengo la mtawala wa Kiibadhi, madhehebu ya Kiislamu yasiyopenda picha za viumbe hai! Kila nikiziona moyo hunijaa.

Sasa tuzungumze saruji. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hupumua. Unyevu hupanda kutoka ardhini, hutokea usoni mwa ukuta, hukauka. Ukiuziba kwa saruji, maji hayaachi kupanda. Hujikusanya nyuma ya lipu pamoja na chumvi, na chumvi ikiganda humega jiwe kutoka ndani. Miaka michache ukuta utaonekana mzima. Kisha lipu itabanduka mapande mapande, na itaondoka na uso wa jiwe. Nakshi ikienda nayo, ndiyo basi. Fundi wa leo anaweza kuiga ndege, lakini yule wa 1850 hatumpati tena.

Haya, saruji ni rahisi, ipo kila duka, na kazi huisha upesi. Chokaa yataka kuchomwa, kulowekwa, kusubiriwa, kisha kupigwa tabaka jembamba juu ya jingine na mtu anayeijua. Basi mtu huyo atafutwe, alipwe vizuri, akabidhiwe vijana wa Kidichi awafundishe. Fedha za viingilio zianzie hapo. Kibao kipya kinaweza kusubiri. Kuba haliwezi: masika yakipenya juu, kazi yote ya chini ni bure.

Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani pale Mji Mkongwe, tuliiona ikiporomoka Disemba 2020, ukarabati ukiendelea, na watu wakafa. Majengo haya hayataki haraka, wala hayataki kupuuzwa. Atakayeomba kazi ya Kidichi, kabla ya kuulizwa bei, aulizwe chokaa yake imelala muda gani.