Muuguzi Mgonjwa: Aingie Zamu au Abaki Nyumbani?

Muuguzi anaamka saa kumi na moja alfajiri, mwili unawaka. Anameza vidonge viwili vya parasetamoli, baada ya muda kipimajoto kinasoma 36.9, naye anavaa sare. Kipimo hicho hakimwambii kitu. Dawa imeshusha joto tu, kirusi kiko palepale, na nguvu ya dawa huisha baada ya saa nne hadi sita, pengine wakati ameshika mkono wa mgonjwa akitafuta mshipa. Ndiyo maana kwa homa ya mafua huhesabiwa angalau saa 24 tangu joto lishuke lenyewe, bila dawa.

Wanaosema aende wana hoja nzito. Wodi ya wagonjwa 24 ikiwa na wauguzi watatu, mmoja akikosekana, kila aliyebaki anatoka wagonjwa 8 hadi 12. Dawa zinachelewa, dripu inaisha bila mtu kuona, na mgonjwa wa kugeuzwa kila baada ya saa mbili anasahaulika mpaka mgongo unaanza kuchubuka. Pengo kwenye zamu nalo huumiza wagonjwa.

Ila hesabu hiyo ni ya leo tu. Chukua norovirusi, kirusi cha kutapika na kuharisha: chembe chache zinatosha kuambukiza, na vitakasa mikono vya spiriti haviiwezi vizuri, inataka sabuni na maji yanayotiririka. Anayetapika au kuharisha akae nje saa 48 tangu mara ya mwisho. Akilazimisha kuingia, pengo la mtu mmoja laweza kuwa la wanne wiki hiyohiyo. Hapa sioni cha kujadili.

Cha kujadili ni mafua ya kawaida. Kikohozi huweza kudumu wiki tatu ilhali maambukizi yameshapita, na kumzuia mtu muda wote huo ni kupoteza nguvukazi. Swali la maana ni: anamhudumia nani? Akiwa na barakoa, anayoibadilisha kila inapolowa, anaweza kufanya kazi wodi ya mifupa. Kwa watoto njiti, au wagonjwa wa saratani walioshuka kinga, asikanyage. Kinyume chake, asiye na kinga ya tetekuwanga akikaa karibu na mgonjwa wa tetekuwanga huondolewa kazini kuanzia siku ya 8 hadi ya 21 tangu akutane naye, hata kama ngozi yake haina kipele.

Nani aamue, basi? Muuguzi mwenyewe huona haya kuwaachia wenzake mzigo, na mkuu wa wodi anatazama ratiba yenye pengo; wote wawili wana sababu ya kupunguza uzito wa dalili. Afadhali apigiwe simu mtu asiyepanga zamu, mwenye maswali yaliyoandikwa: umetapika au kuharisha ndani ya saa 48? Una homa, na umemeza dawa ya kuishusha saa ngapi? Una upele au kidonda kinachotoa majimaji? Leo umepangwa wodi gani? Lakini pale siku ya ugonjwa inapokatwa kwenye mshahara, majibu ya maswali matatu ya kwanza yatakuwa hapana.