Tajiri kukodi sio kwamba kaishiwa

Kuna hoja naikuta kila watu wakiongelea matajiri, kwamba mwenye hela ya kweli hakodi, ananunua, ukimwona anakodi basi jua anatuigizia tu. Na methali tunayo, nguo ya kuazima haisitiri matako. Mi naona hapo tunachanganya watu wawili, kuna anayekodi kwa sababu hana na kuna anayekodi kwa sababu kapiga hesabu.

Chukua Warren Buffett, yule bilionea mwekezaji wa Marekani. Kampuni yake ya Berkshire Hathaway ilikuwa na ndege yake yenyewe, lakini mwaka 1995 akanunua robo ya ndege aina ya Hawker 1000 kupitia kampuni ambayo leo ndo NetJets, wanaouza ndege kwa vipande, robo hiyo ikampa saa 200 za kuruka kwa mwaka, zinazobaki wanaruka wenzake. Najua hiyo iko katikati ya kukodi na kumiliki ila wazo ni lilelile, unalipia saa unazokaa angani. Ikamkolea mpaka mwaka 1998 Berkshire ikainunua kampuni nzima kwa dola milioni 725. Huyo hakushindwa bei ya ndege jamani.

Yoti, zile boti za kifahari, ndo balaa zaidi. Watu wa hiyo biashara hukadiria matunzo ya mwaka kama asilimia 10 ya bei, yaani yoti ya dola milioni 10 inakula kama milioni 1 kila mwaka hata isipotoka bandarini, kepteni anataka mshahara, mabaharia wanataka mshahara, bima, gati, rangi, na chumvi inatafuna chuma usiku na mchana, afu mwenyewe anapanda wiki mbili za Agosti basi. Akikodi hizo wiki mbili anashuka anaaga, injini ikifa Septemba haimhusu, na ile milioni 10 iko kwenye hisa au majengo inazaa.

Upande wa pili nao una uzito wake. Bei ya kukodi unayotajiwa mwanzo sio yote, kwenye yoti kubwa mafuta, chakula na ada za bandari mara nyingi viko pembeni, unaweka kama asilimia 30 juu kabla hujapanda. Halafu siku unayoitaka wewe ndo wanayoitaka wote, angalia Kenya kipindi cha kampeni wanasiasa wanavyogombania helikopta za kukodi, mwenye yake hapangi foleni. Na kitu cha kila siku ukikikodi miaka mitano unaweza ukawa umelipa bei yake na huna hata tairi mkononi.

Mwaka jana mdogo wangu alipoolewa tulikodi Range Rover nyeupe. Kabla ya kuondoka dereva akaizunguka na simu anapiga picha kila mkwaruzo, akaandika kilomita, akatandika taulo kwenye siti gauni lisimwage glita. Jioni tukairudisha, kwisha. Kuiingiza gari ile Tanzania unaanza na ushuru wa forodha asilimia 25, VAT 18, na bado kuna mengine, kwa safari ya kanisani na ukumbini? Shela nalo alikodi. Dada yetu mkubwa alinunua lake, lipo kwenye begi chini ya kitanda limeshageuka njano, na kwenye picha huwezi kujua lipi lilikuwa la kukodi.

Kinachoniuma ni kijana wa mshahara anapoiga hii kitu. Tajiri akikodi, hela ambayo angenunulia inabaki kazini. Kijana akikodi Benzi wikiendi akapige picha hakuna hela iliyobaki popote, kodi ya chumba ndo imeishia kwenye zile picha, na wanaomhubiria aishi kama tajiri hicho kipande hawamwambii hata siku moja, naona ni dhambi kabisa.

Na kuna vitu ningemwambia hata huyo tajiri asikodi. Dhahabu mfano. Kwetu pwani dhahabu ni akiba ya mwanamke, anaivaa huku anaiweka. Mama yangu alikuwa na bangili sita, kavaa harusi ngapi sijui, mwaka baba alipolazwa akavua mbili akaenda kwa sonara asubuhi, saa sita akawa amerudi na hela ya hospitali imefungwa kwenye pindo la kanga. Nne zilizobaki alizivaa kwenye hiyo harusi ya mdogo wangu.