Nani anabisha hodi kwa mzee wako?

Mwaka jana nilipokuja likizo Malindi, kila baraza niliyoketi niliulizwa lile lile: "Ati wazungu huwatupa wazazi wao?" Mimi ni mhudumu katika nyumba ya wazee kaskazini mwa England, mwaka wa sita sasa. Swali hilo huniuma, kwa sababu tukishalijibu tunaondoka tumeridhika, na lililo kubwa zaidi halijaulizwa: mzee yuko salama wapi?

Kazini kwangu, kabla sijamwogesha mtu natia kipimajoto majini. Yasizidi nyuzi 44, maana ngozi ya mzee huungua upesi na aliyepooza hahisi moto. Madirisha ya ghorofani yana kizuizi, hayafunguki zaidi ya sentimita 10. Asiyeweza kujigeuza, namgeuza usiku kucha kwa saa zake, na kila mara naandika: saa ngapi, ubavu upi, ngozi ya nyongani ina wekundu au haina. Mtu akianguka, hata asipoumia, huandikwa, na kesho yake lazima tujibu kwa nini. Ni kandambili? Ni dawa mpya? Ni taa ya ukumbini?

Hawatushindi kwa huruma. Wanachotushinda ni kwamba yupo mtu baki anayeweza kubisha hodi asubuhi yoyote, bila taarifa, akaomba lile daftari. England ni Care Quality Commission, tume ya kukagua huduma za afya na za wazee, iliyoanza kazi 2009. Wakishakagua hutoa daraja, na tangu 2015 sheria inataka daraja hilo libandikwe mahali wageni wataliona. Scotland wana wakaguzi wao, na alama kuanzia 1 hadi 6. Marekani hutoa nyota, moja hadi tano, tangu 2008. Vipimo havilingani, hivyo huwezi kuchukua "nzuri" ya huku ukaipima na ya kule, lakini kote huko mtoto wa mzee ana pa kusoma kabla hajamwacha mama yake mlangoni.

Na huku England nako kuna madhambi. Mwaka 2020, korona ilipopamba moto, wagonjwa walitolewa hospitalini wakaletwa katika nyumba za wazee bila kupimwa. Mahakama Kuu ilikuja kusema mwaka 2022 kwamba sera ile ilikuwa kinyume cha sheria, lakini waliokufa walikuwa wameshazikwa. Mwaka 2024 ripoti iliyoagizwa na serikali ikaonyesha kuna mahali hapajakaguliwa kwa miaka. Daraja la zamani ukutani si ulinzi. Na hakuna mkaguzi anayepima upweke wa mzee ambaye simu ya mwanawe huja Krismasi tu.

Sasa nyumbani. Bibi yangu, mzaa mama, hakukosa mtu hata siku moja. Wajukuu wamejaa uani, jirani analeta mahamri asubuhi, jioni anasomewa dua. Usiku mmoja alitoka kwenda chooni, sakafu imelowa, taa hakuna. Akavunjika nyonga. Tulimbeba kwa tuktuk, akarudi nyumbani akalazwa kitanda cha kamba, chali, kwa sababu kumgeuza kulimliza na sisi hatukutaka alie. Wiki ya tatu mama alipomfunua kumwosha, kidonda mgongoni kilikuwa kinaingia kidole. Tulimpenda mno bibi yetu. Hakuna aliyetuambia kwamba kumwacha atulie ndiko kulikomuua.

Na huo ni mlango wenye mapenzi. Katika kaunti yetu ya Kilifi wapo wazee ambao hatari yao imo ndani ya boma. Mvi zikitanda na macho yakawa mekundu, wanaitwa wachawi, na wengine wameuawa. Mara nyingi ukichimba tuhuma unakuta shamba. Kaya Godoma, kule Ganze, imekuwa kimbilio la wazee waliowakimbia watu wao wenyewe. Kwa hiyo anayeniambia mzee wa Kiafrika yu salama kwa sababu yu na wanawe, namwomba afike Ganze kwanza.

Sisemi tujenge nyumba za wazee kila mtaa. Mama yangu hataki, nami sitaki. Nataka yule mtu baki anayebisha hodi. Katiba yetu, kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na bila kuteswa. Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wasiojiweza, inawapa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Pesa inafika, macho hayafiki. Lakini tangu 2023 serikali imewatuma wahudumu wa afya ya jamii kiasi cha laki moja, wanaoingia majumbani na mashine za presha. Wameshavuka kizingiti tayari! Waongezewe maswali matatu: mzee ameanguka mwezi huu? Mgongo wake umetazamwa? Kuna mtu anayemtisha? Waulize akiwa peke yake, majibu waandike, na chifu na afisa wa ustawi wa jamii wayasome.

Kwetu nimeanza. Dada amenunua daftari, limefungwa kamba kwenye kitanda cha mama, na mama amekubali baada ya kununa siku mbili. Jana fundi amepima ukuta wa choo aweke chuma cha kushikia, na taa ya sola imeshatundikwa mlangoni.