Kunakili mchoro wa Vermeer: mwanafunzi anapata nini, anakosa nini

Anayeanza kujifunza rangi za mafuta anaweza kumkosa mwalimu, lakini picha ya kunakili haikosi. Jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam, limeweka mtandaoni, bure, picha safi kabisa ya mchoro wa Mholanzi Johannes Vermeer wa mtumishi wa jikoni akimimina maziwa, kazi ya mnamo 1660. Wapo wanaoamini kunakili kazi kama hiyo ndiyo shule bora, na wapo wanaoona ni kuharibu rangi tu.

Wanaotetea wana historia upande wao. Jumba la makumbusho la Louvre, Paris, limekuwa likiwapokea wanakili tangu lilipofunguliwa mwaka 1793, na mpaka leo hutoa vibali, kwa sharti kwamba nakala isilingane ukubwa na mchoro wenyewe. Mchoraji Mfaransa Degas alijifunza humo. Faida yake naiona kubwa: mwanafunzi hahangaiki achore nini wala akiweke wapi, nguvu zote anazielekeza kwenye rangi. Tazama mkate ulio mezani. Kwa mbali una ganda gumu linalometameta. Ukisogea karibu, ganda hulioni tena. Unaona vitone vya rangi nzito, vyeupe na vya manjano, juu ya hudhurungi. Kusoma habari za vitone hivyo hakutoshi. Viweke mwenyewe, uone jinsi kimoja kikizidi ukubwa kinavyouharibu mkate mzima, na hapo ndipo mkono unapojifunza.

Lakini wanaopinga nao wana hoja, na hoja yao ndiyo inayonisumbua zaidi. Mnakili anaona tabaka la juu tu. Rangi za mafuta hujengwa kutoka chini: kwanza mwanga na giza kwa rangi nyepesi, kisha rangi zenyewe, na kila tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini yake, la sivyo mchoro utapasuka baadaye. Hayo huyaoni kwenye skrini ya simu, ambayo hata buluu ya aproni haiwezi kuionyesha ilivyo. Isitoshe, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Vermeer alikuwa ameanza kuchora ubao wa kutundikia majagi nyuma ya mtumishi, na kikapu cha moto (cha kuwekea makaa ya kutia joto) sakafuni, kisha akavifunika vyote. Ule ukuta mtupu unaosifiwa sana aliufikia baada ya kubadili mawazo. Anayenakili huuchora mtupu tangu siku ya kwanza, na kazi ya kuchagua nini kiondoke haimgusi kabisa.

Hata hivyo, mimi nasema nakili, ila usinakili mchoro mzima. Chukua mkate na jagi tu, uanze na tabaka la chini, usubiri likauke. Halafu weka mkate wa kwako karibu na dirisha uuchore kwa njia ileile, kwa sababu huo hakuna aliyekuamulia mwanga wake.

Ipo na njia ya mchoraji Mholanzi Van Gogh. Alipokuwa Saint-Rémy, Ufaransa, 1889 hadi 1890, alinakili kazi za mchoraji Mfaransa Millet akitumia chapa zisizo na rangi, hivyo rangi zote ikabidi azitafute mwenyewe. Simu yoyote inaweza kukupa nafasi hiyo: igeuze picha ya Vermeer iwe nyeusi na nyeupe kabla hujagusa brashi, na rangi ya aproni uichague wewe.